Lipu ya kurusha kwenye kuta za matumbawe: mbona "kali" ndiyo inayobanduka

*"Nyumba yetu iko Shanzu, mwendo wa dakika tano kutoka ufuoni. Kuta ni za matofali ya matumbawe, zilijengwa miaka mitatu iliyopita na nje hazijapigwa lipu. Nikitoa milango na madirisha, zinapata kama mita mraba 100. Nataka lipu ya kurusha, ile yenye chembechembe. Fundi wa kwanza anasema achanganye saruji moja kwa mchanga tatu ili iwe kali, chumvi isiibandue, na kwamba mchanga wa ufuoni ukioshwa unatosha. Wa pili anasema arushe moja kwa moja juu ya tofali, nisipoteze pesa kwa lipu ya chini. Jirani alipiga lipu mwaka juzi. Sasa inaanguka vipande vipande na nyuma yake pana unga mweupe. Nami nimeanza kuona weupe kama huo chini ya ukuta wa nyuma, penye tangi la maji. Mume wangu yuko melini mpaka mwezi wa nane, kwa hiyo msimamizi ni mimi. Nimfuate nani, na ninunue nini?"*

Dada yangu, maswali yako ni mengi lakini hofu ni moja: usije ukalipa leo, kisha baada ya misimu miwili ya mvua ukaokota lipu yako chini kama jirani. Hofu hiyo ina msingi, basi nianze na jibu. Usikubali moja kwa tatu. Usikubali mchanga wa ufuoni. Usikubali kurushiwa juu ya tofali tupu. Lakini hukukosea kuchagua lipu ya kurusha, ile ambayo mafundi wengi huiita rafukasti. Kwa ukuta wa matumbawe unaopigwa na upepo wa bahari, naipendekeza kuliko lipu laini, mradi ipigwe kwa mpangilio wake.

Neno "kali" ndilo linalowapoteza wengi. Saruji husinyaa inapokauka, na mchanganyiko wenye saruji nyingi husinyaa zaidi, tena huwa mgumu kiasi cha kutokubali kunyumbuka hata kidogo. Tofali la matumbawe ni jiwe laini lenye vitundu, na nguvu zake hazilingani hata kati ya tofali na tofali la rundo moja. Ukilivisha koti gumu linalosinyaa, koti huvuta, na kinachoachia ni kile kilicho dhaifu, yaani ngozi ya tofali lenyewe. Nenda ukaokote kipande kimoja cha lipu ya jirani, ukigeuze. Ukikuta unga na chembe za matumbawe zimegandamana nyuma yake, ujue lipu ilishika vizuri sana. Haikukosa kushika, imeondoka na ukuta.

Chumvi nayo haizuiwi kwa ugumu. Chumvi husafiri ndani ya maji, na hubaki pale maji yanapogeuka mvuke. Lipu inayopitisha mvuke huiacha chumvi itoke hadi usoni, ikawa unga unaoweza kuupangusa kwa brashi. Lipu ngumu iliyojibana hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ya kusi huingia kwa nyufa hizo, lakini kutoka haina njia. Basi maji hukaukia nyuma ya lipu, chumvi huganda hukohuko, na fuwele zake zinapokua huisukuma lipu nje. Unga mweupe uliouona kwa jirani ni huo.

Mji wa Kale wa Mombasa haukujengwa kwa saruji, wala kuta za Ngome ya Yesu zilizoanza kupandishwa mwaka 1593. Mawe yalikuwa ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika na kuyafunika ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanuuni: jiwe na koti lake vilikuwa ndugu. Chokaa hushika polepole, haisinyai kwa ukali, na inapitisha mvuke. Sikwambii uachane na saruji, kwa sababu lipu ya chokaa tupu inataka fundi aliyeizoea na muda mrefu wa kuikomaza. Nakwambia uirudishe chokaa ndani ya mchanganyiko. Kipimo kinachofaa ukuta wako ni saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, kwa ujazo. Fundi akikwambia ni dhaifu, mjibu kwamba ndivyo unavyotaka: lipu isiwe na nguvu kuliko ukuta ulioibeba, wala tabaka la juu lisiwe na nguvu kuliko la chini yake.

Chokaa yenyewe iwe ya ujenzi, ile nyeupe laini ya mfuko wa kilo 25. Soma mfuko. Chokaa ya shambani, ya kupunguza ukali wa udongo, ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kitu. Iloweke ndani ya maji tangu usiku, asubuhi itakuwa laini kama siagi na itashika maji vizuri zaidi. Anayeichanganya avae miwani ya kazi na glavu. Ikiingia jichoni inachoma: suuza kwa maji safi mengi bila kukatiza kwa dakika 20, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu mchanga wa ufuoni, neno "ukioshwa" ndilo mtego. Kuosha chumvi mpaka iishe kunataka maji matamu mengi kuliko utakayotumia kwenye kazi nzima, na ni nadra fundi afanye hivyo. Chumvi inayobaki huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ukuta hubaki na mabaka ya majimaji hata kiangazi, na misumari na vyuma vya madirisha huanza kutoa kutu. Zaidi ya hayo, mchanga wa ufuo mara nyingi huwa na chembe za mviringo za ukubwa mmoja, ilhali lipu inataka chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika ili zikabane. Nunua mchanga wa mto au wa machimbo ya bara. Ukifika, usishushwe kabla hujaupima: jaza nusu ya chupa yenye uwazi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Udongo utalala juu ya mchanga kama utando. Unene wake ukizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, lori hilo lirudi.

Maji nayo vilevile. Visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvi, na fundi aliye mbioni atachota yaliyo karibu. Onja. Yasiyofaa kwa chai hayafai kwa lipu wala kwa kuimwagilia. Ikibidi uagize ya gari la maji, ingiza kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa weupe wa penye tangi, kwa sababu huo unakuja kabla ya yote. Weupe unaoanzia chini maana yake kuna maji yanayoingia: tangi linafurika, bomba linavuja, au udongo umerundikwa ukutani juu ya msingi. Tafuta chanzo ukizibe. Kisha pangusa unga kwa brashi kavu, uukusanye na kuutupa mbali. Usiuoshe kwa maji. Ukiuosha unauyeyusha na kuurudisha ndani ya tofali. Subiri wiki mbili, upanguse tena. Ukirudi mwingi kama awali, maji bado yanaingia, na sehemu hiyo isipigwe lipu kabisa mpaka uishe au uwe kidogo sana.

Kwa majira, epuka masika, yaani Aprili hadi Juni, wakati mvua inapopiga sana kuta za kusini na mashariki. Kaskazi ya Januari na Februari inafaa lakini jua na upepo hukausha lipu kabla haijashika, kwa hiyo umwagiliaji hauna masihara. Agosti na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda: mvua imepungua na jua halijachoma. Mumeo atakuwa amerudi au yuko njiani, jambo ambalo si baya. Kazi nzima ihesabu wiki nne hata kama wafanyakazi wana mikono miepesi, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri.

Ukuta wenyewe usafishwe kwa brashi ngumu, chembe zilizolegea zitoke, na viungo vya matofali vikwanguliwe kina cha milimita 10 hivi. Mashimo makubwa ya matumbawe yazibwe siku chache kabla, yasizibwe siku ya lipu, maana unene mkubwa mahali pamoja husinyaa vibaya na kupasuka. Nguzo na mikanda ya zege zina uso laini mno kwa lipu kushika, basi zichongwechongwe kwa patasi au nyundo yenye ncha. Mahali zege linapokutana na tofali pana desturi ya kupasuka, kwa kuwa vitu hivyo viwili havitanuki kwa kipimo kimoja wakati wa joto. Pavishwe wavu unaoingia sentimita 15 kila upande. Karibu na bahari namna yako, wavu wa nyuzi za kioo uliotengenezwa kwa ajili ya lipu ni bora kuliko wavu wa kuku, ambao hata ukiwa umepakwa zinki una siku zake.

Matumbawe yana kiu. Mwagia maji kiganjani, urushe ukutani: yakipotea papo hapo, ukuta huo utainyonya lipu maji yake ndani ya dakika chache na saruji itabaki unga usioshika. Kwa hiyo lowesha ukuta jioni ya kutangulia, na asubuhi uunyunyizie tena. Uwe na unyevu lakini usiwe unang'aa maji, kwa sababu ukuta unaotiririka pia haushiki.

Tabaka la kwanza ni rasharasha: saruji moja kwa mchanga mkubwa mbili, maji mengi mpaka iwe kama uji mzito, inarushwa kwa mwiko na kuachwa vivyo hivyo bila kusuguliwa. Hapa utaniuliza mbona nimekataa saruji nyingi kisha naileta. Rasharasha haitandazwi ikawa koti. Ni madoa ya milimita 3 hadi 5, hapa limeshika pale limeacha, kwa hiyo halina upana wa kuvuta ukuta. Kazi yake ni kupunguza kiu na kuipa lipu meno ya kung'ata. Inyunyiziwe maji siku mbili, ikae hata siku ya tatu au ya nne, kisha usugue kwa kidole gumba. Ikipukutika, haikukomaa, au mchanga ulikuwa na udongo.

Halafu lipu ya chini, ambayo fundi wako wa pili anataka kuiruka. Ukirusha juu ya tofali tupu, kila kiungo na kila tofali litaonekana kwa nje kama mbavu, kwa sababu viungo na matofali hunyonya maji kwa kasi tofauti. Na mvua itakuwa na tabaka moja tu la kupenya. Pesa unayookoa ni ndogo. Pimeni kwa ndoo, msipime kwa beleshi: beleshi la saruji na beleshi la mchanga havilingani hata kidogo. Ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga uliochekechwa, zitafunika kama mita mraba 8 hadi 10. Mchanga ukiwa umelowa kidogo huvimba, hata kufikia robo ya ujazo wake, basi ongeza ndoo moja. Unene uwe milimita 10 hadi 15, usizidi hapo kwa mkupuo mmoja. Inyooshwe kwa ubao na pima maji, na kabla haijakauka ichanwe mistari ya mawimbi ya kulala, ili lipu ya juu ipate pa kushika.

Wafuate kivuli: kuta za magharibi asubuhi, za mashariki alasiri. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja na nusu. Ulioanza kukaza kwenye karai usiongezwe maji ukafufuliwa, umwagwe. Hili ndilo jambo ambalo msimamizi hulikosa akienda kupika chakula cha mchana, na ndilo linaloacha mabaka dhaifu yasiyoonekana mpaka mwaka wa pili.

Nyunyiza maji asubuhi na jioni siku tatu hadi nne, kwenye upepo mkali ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha uiache ikauke siku 10 hadi 14. Itasinyaa, na nyufa nyembamba zitatokea. Hilo ni jema: afadhali zitokee sasa, zifunikwe na tabaka la juu, kuliko zitokee zikiwa zimefunikwa na kulipasua.

Lipu ya kurusha ni saruji moja, chokaa moja, mchanga nne na kokoto ndogo mbili. Kokoto ziwe za milimita 3 hadi 6, zimeoshwa vumbi na kuloweshwa. Kubwa zaidi ya hapo hudondoka na huchuna ngozi. Mchanganyiko uwe mzito kama uji wa kushiba, ukae kwenye kijiko cha kurushia bila kuchuruzika. Anayerusha asimame kama hatua moja kutoka ukutani na atumie kifundo cha mkono, asitumie bega: mrusho mfupi, wa haraka, unaotua kwa upana. Tabaka la kwanza jepesi likishashika kidogo, la pili linajaza mapengo, mpaka unene wa milimita 8 hivi. Asiguse tena kwa mwiko. Ukipigapiga ili isawazike, unavuta utandu wa saruji juu na umeiua.

Ukuta mmoja urushwe na mtu mmoja, kutoka pembe hadi pembe, bila kusimama katikati. Kila mkono una mrusho wake, na mahali kazi ya leo inapokutana na ya kesho pataonekana miaka yote. Wakilazimika kukatiza, wakatize kwenye pembe au nyuma ya bomba. Kabla ya yote, watake warushe mita mraba moja kwenye ukuta wa nyuma, uione ikikauka siku mbili, ndipo ukubali. Chini, lipu ikomee sentimita 15 juu ya ardhi na ukingo wake uchomoze nje kidogo ili maji yadondoke mbali na msingi. Ikigusa udongo, itanyonya chumvi kama utambi.

Kwa mita mraba 100 nunua hivi: saruji mifuko 18 ya kilo 50, daraja la 32.5 linatosha; chokaa mifuko 10 ya kilo 25; mchanga mita za ujazo 2.6, ambazo ni kama tani nne. Kokoto ndogo theluthi moja ya mita ya ujazo. Rasharasha itakula mifuko 5 ya saruji, lipu ya chini 8, ya kurusha 5. Matumbawe yasiyonyooka yanaweza kula zaidi, basi bakisha pesa ya mifuko miwili, lakini usiinunue mapema. Saruji hushika unyevu wa hewa yetu ikiwa bado mfukoni, na yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole haifai.

Zipo njia nyingine. Mashine ya mkono ya tairolini hutoa chembe ndogo zinazolingana, nayo ni nzuri kama fundi anaijua, ila inahitaji lipu ya chini iliyonyooka zaidi. Lipu laini iliyopitishwa sifongo ni rahisi kuosha, lakini kila ufa utauona. Rangi nzito za mchanga za ndooni zinavutia na ni za haraka, ila nyingi ni utando. Juu ya ukuta wenye unyevu na chumvi hufura malengelenge. Kwa ukuta wako bado nasimama na ya kurusha: uso wake uliokwaruzika hukata mwendo wa maji ya mvua na huupa unyevu eneo kubwa la kutokea. Ubaya wake ni kwamba hushika vumbi, upande wa kivulini huota ukungu, na ni vigumu kuiziba kiraka kisionekane. Pia huchuna. Kwenye kichochoro cha kupita watoto, acha mita moja ya chini iwe laini.

Rangi isubiri wiki nne. Chokaa ya kupaka, matabaka matatu mepesi juu ya ukuta ulioloweshwa, ndiyo ya bei nafuu na inapitisha mvuke. Rangi ya mafuta hapana.

Kuna mambo ambayo lipu haiyaponyi, na hapo umwite mtu aje aone kwa macho. Ufa unaopanda kama ngazi kati ya matofali, au unaopitisha sarafu, au unaoendelea kupanuka. Ukuta uliotoka kwenye timazi. Nguzo ya zege iliyopasuka ikionyesha kutu ya nondo. Hayo ni ya mhandisi aliyesajiliwa, na kuyafunika kwa lipu ni kuyaficha tu. Ghorofani, usiruhusu kurusha kwa kusimama juu ya mapipa, pajengwe jukwaa. Muulize fundi kama ametambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na umwombe nyumba mbili alizozipiga zaidi ya miaka mitatu iliyopita, si za mwezi jana, ukazitazame. Na msomaji mwingine mwenye nyumba ya Mji wa Kale asichukue vipimo hivi: kuta hizo zinataka chokaa bila saruji, na aanze kwa kuzungumza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Mapatano ya malipo yaandikwe kwa hatua: rasharasha, lipu ya chini, kurusha, na salio. Lipu ya chini ikishakauka, pita ukuta mzima ukiigonga kwa mpini wa nyundo. Penye mlio mzito imeshika. Panapolia kama debe tupu, chora duara kwa chaki. Pakiwa pana kuliko sahani, pakatwe na kupigwa upya kabla ya kokoto ya kwanza kurushwa. Rudia kugonga siku 28 baada ya kazi kuisha, ndipo utoe salio.